Ulipie tangazo la Google, usubiri kupanda bure, au ubaki na dalali? Ulinganisho kwa mwenye tovuti ndogo

Mama mmoja wa Jambiani, Zanzibar, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita hatua chache kutoka wanakoanika mwani, alinisukumia simu yake juu ya meza. "Hebu tazama mwenyewe." Alikuwa ameandika jina la nyumba yake kwenye Google, herufi kwa herufi. Kilichokuja juu kabisa hakikuwa tovuti yake. Kilikuwa tangazo la dalali wa vyumba wa mtandaoni, lenye jina la nyumba yake kwenye kichwa cha habari, na kineno kidogo cha kuonyesha kuwa limelipiwa. Chini yake tangazo la dalali wa pili. Tovuti yake, ambayo mwanawe alimtengenezea na anailipia kila mwaka, ilikuwa ya tatu, na kwa kioo cha simu ile ilibidi avute kwa kidole ndipo aione.

"Mwanangu, jina hili alilichagua marehemu mume wangu. Wao wameliokota wapi?"

Nilimwambia hawajaliokota, wamelinunua kwenye mnada, na sheria haiwakatazi. Hakufurahi, na sikumlaumu.

Swali lake naulizwa na karibu kila mwenye tovuti ndogo ninayekaa naye, awe wakala wa safari Arusha au muuza viungo Darajani. Wenye pesa wakishanunua nafasi zote za juu, sisi wengine tutabaki wapi? Halafu linafuata la kuamua: hizi laki tatu nilizonazo nizitie kwenye matangazo, nimlipe mtu aniandikie kurasa nzuri nisubiri zipande, au niendelee kumwachia dalali na kamisheni yake?

Nalinganisha njia hizo tatu hapa, na nasema mapema ninakoegemea ili usinisome kwa kuvizia. Kwa maneno machache mapana ya kutafutia, yenye pesa nyingi, mdogo amekwisha kusukumwa nje, na kujipa moyo hakutamrudisha. Kwa maneno yaliyobaki, ambayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani, tangazo la kulipia halikufukuzi. Linalokufilisi ni kulilipia pasipostahili.

Hofu hii ni ya zamani

Mwaka 1998, huko California, Bill Gross alianzisha GoTo.com, injini ya utafutaji iliyouza nafasi waziwazi. Aliyetaja bei kubwa kwa kila mbofyo alikaa juu, na bei yake iliandikwa pale pale kila mtu aione. Mwaka huo huo Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi Stanford, waliandika katika andiko lao la kuitambulisha Google kwamba injini inayoishi kwa matangazo itaegemea upande wa watangazaji na kuwapa kisogo watafutaji. Oktoba 2000 wakafungua duka la matangazo, AdWords, likiwa na watangazaji 350. Mwaka 2023 upande wa utafutaji uliingizia Google dola bilioni 175. Ndiyo maisha.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha LookSmart, ingawa leo hata jina lake wengi hawalijui. Ilikuwa orodha ya tovuti iliyopangwa na wahariri, watu wa kawaida wenye macho, na ndiyo iliyolisha matokeo ya utafutaji ya MSN, tovuti ya Microsoft. Wenye biashara ndogo walilipa ada mara moja ili waingizwe, wakaamini yamekwisha. Aprili 2002 mambo yakageuka: sasa kila mbofyo senti 15 za dola, wakiwemo waliokwisha kulipa. Piga picha mwenye tovuti inayotembelewa na watu wengi lakini faida yake ni kiduchu, muuza mbegu za maua kwa mfano. Senti 15 mara wageni wote hao, akaona afadhali ajitoe. Kelele zilikuwa kubwa. Oktoba 2003 Microsoft ikatangaza kuachana na LookSmart, na kampuni haikuinuka tena kama zamani.

Tazama vizuri nani alisukumwa nje pale. Hakusukumwa na tangazo lililokaa kando ya orodha ya bure. Alisukumwa pale orodha ya bure yenyewe ilipowekewa geti. Google ilifanya karibu vivyo hivyo mwaka 2012, ilipobadilisha sehemu yake ya kulinganisha bidhaa, Google Shopping, ikawa ya kulipia tu. Aprili 2020 ikarudisha nafasi za bure humo, na Machi 2021 ikafungua viungo vya bure vya kuweka nafasi za hoteli, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa vya mwenye kulipa peke yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu sehemu yoyote ya mtandao unayoitegemea ni hili: pembeni ya mlango wa kulipia, mlango wa bure bado upo? Ukifungwa, hapo ogopa.

Kinachoonekana kwenye kioo cha simu

Andika "Tanzania safari" kwenye simu, kwa Kiingereza kama mgeni angeandika. Unaweza kukutana na matangazo manne kabla ya tokeo lolote la kawaida. Manne ndiyo kikomo cha juu kabisa tangu Februari 2016, Google ilipoondoa matangazo ya upande wa kulia kwenye kompyuta na kuyakusanya juu na chini ya ukurasa. Chini yake huja picha, ramani, maswali ambayo watu huuliza. Tokeo la kwanza la bure liko mbali, na mara nyingi ni la kampuni kubwa ya Ulaya au Marekani au tovuti ya maoni ya wasafiri. Wakala mwenye Land Cruiser mbili pale Arusha hayupo. Hata akilipia, atasimama kwenye mnada na watu wenye mfuko wa aina nyingine.

Kuhusu alama ya kutambulisha tangazo: zamani matangazo yalikuwa na rangi yake ya nyuma, ukiyaona unayajua. Rangi ikafifia mwaka hata mwaka hadi likabaki neno tu. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia kampuni za utafutaji Juni 2002 kuzitaka zitenganishe waziwazi kilicholipiwa na kisicholipiwa, ikaandika tena mwaka 2013. Ukitaka kupima kama barua zile zilisaidia, mpe shangazi yako simu umwambie akuonyeshe tangazo ni lipi.

Sasa badilisha maneno. Andika "mwezi gani nyumbu wanavuka mto Mara", kwa lugha yoyote. Matangazo yanapungua sana au hayapo kabisa, kwa sababu anayeuliza hivyo bado hajafungua pochi na mnunuzi wa matangazo hamtaki. Andika "nyumba ya wageni Jambiani yenye jiko la kupikia mwenyewe": wanaoshindana ni wachache, na ukurasa mmoja wenye picha ya jiko lenyewe, bei ya gesi na umbali wa kufika sokoni unaweza kukaa juu bila senti tano. Hapo ndipo mdogo bado ana uwanja. Anachojua yeye kuhusu jiko lake, dalali wa Amsterdam hakijui.

Uwanja huo nao una mwizi mpya, na si tangazo. Tangu Mei 2024, ilipoanza Marekani kabla ya kusambaa nchi nyingine, Google huweka juu kabisa jibu lililoandikwa na akili mnemba. Aliyeuliza kuhusu nyumbu anaweza kupata mwezi wake pale pale asibofye popote. Nitarudi hapo kidogo nikifika kwa wanaoandika tu.

Bei, na kwa nini yako si ya jirani

Mnada wa Google hauangalii bei peke yake. Kila mtangazaji anataja kiwango cha juu anachoweza kulipa kwa mbofyo, Google inachanganya na makadirio yake ya ubora: tangazo linaendana na kilichotafutwa? Ukurasa unaofunguka unafaa? Watu hulibofya? Kisha unalipa kiasi tu cha kumpita aliye chini yako. Kwa hiyo mdogo mwenye tangazo linalolenga hasa anaweza kukaa juu ya mkubwa aliyetaja bei kubwa kwa tangazo la jumla. Hiyo ni kweli, na mafundi wa matangazo hupenda kuisema.

Wanachosahau kusema ni kwamba mwenye mnada ni mmoja. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na kwamba iliweza kupandisha bei za matangazo ya maandishi bila hofu ya mshindani. Kwa hiyo anayesema bei zinapangwa na soko, mwulize soko lipi.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Wakala wa Arusha anauza safari ya siku saba na anabakiwa na faida ya dola 600 kwa kundi moja. Mbofyo mmoja kwa neno linalolenga, tuseme "private Tarangire safari", unamgharimu dola 2. Kati ya wanaobofya 100, mmoja ananunua. Ametumia dola 200 kupata 600. Analipa na anacheka.

Mama wa Jambiani anauza chumba dola 45, na mgeni hukaa usiku nne: dola 180. Mbofyo kwa "Zanzibar beach hotel" tuufanye dola 1, na kati ya 60 mmoja analala kwake. Ametumia dola 60. Dalali wa mtandaoni, ambaye kamisheni yake mara nyingi huzunguka asilimia 15, angemkata dola 27. Yaani dalali anayemnung'unikia ni nusu ya bei ya tangazo!

Hapo watu wengi hunyamaza. Wamekuja wakitaka kumkimbia dalali, kumbe njia waliyoifikiria ni ghali zaidi. Na usifikiri utampita dalali kwenye neno pana. Booking Holdings, wenye Booking.com na Agoda, walitumia takriban dola bilioni 6.8 kwa kujitangaza mwaka 2023. Pesa hiyo ukishindana nayo utaumia. Afadhali uipande kama daladala: ikubebe hadi kituo, kisha ushuke. Mgeni aliyeletwa na dalali mara ya kwanza, mpe kadi yenye anwani ya tovuti na namba ya WhatsApp siku anayoondoka, na mara ya pili aje moja kwa moja.

Wengine hawasubiri mara ya pili. Wanakuona kwa dalali, wanapenda picha, kisha wanaandika jina lako Google kutafuta kama kwako kuna bei nafuu. Ndiyo maana lile tangazo la dalali juu ya jina lako linauma kuliko mengine yote: mgeni alikuwa ameshageuka anakuja kwako, akadakwa mlangoni kama abiria anavyodakwa na wapiga debe stendi na tiketi yake mkononi.

Kulipia jina lako mwenyewe

Hapa ulinganisho unakuwa mtamu, kwa sababu majibu mawili yanayopingana yote ni sahihi.

Mwaka 2012 wachumi waliofanya kazi na eBay, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, walifanya jaribio. eBay iliacha kulipia matangazo yanayotokea mtu anapotafuta jina "eBay". Karibu watu wote waliokuwa wakibofya tangazo walibofya tokeo la bure lililo chini yake wakafika pale pale. Kampuni ilikuwa ikilipia wageni ambao tayari walikuwa wake. Kwa maneno ya kutafutia yasiyo na jina la eBay, walikuta waliozoea eBay hawakubadilishwa na tangazo, ila wageni wapya na wanaonunua kwa nadra walishawishika.

Funzo la kwanza: ikiwa hakuna anayenunua jina lako, usilinunue. Andika jina la biashara yako leo, kwa simu ya mtu mwingine, uone. Kama tovuti yako ndiyo ya kwanza na hakuna tangazo juu yake, weka pesa mfukoni. Nimewahi kuona taarifa ya fundi mmoja akimringia mteja kwamba tangazo "limeleta wageni wengi kwa bei ya chini ajabu". Neno lililowaleta lilikuwa jina la duka lenyewe. Wangekuja tu.

Funzo la pili ndilo linalogeuza hofu ya mwanzo. Tangazo linamsaidia asiyejulikana kuliko anayejulikana. Orodha ya bure huwapendelea wakongwe, wenye kurasa za miaka mingi na viungo vingi vinavyowaelekea. Anayefungua tovuti leo, orodha ile kwake ni ukuta. Tangazo ni ngazi ya kukodi. Mtu wa namna hiyo alikuwa amesukumwa nje hata kabla ya matangazo kuwapo.

Ila jaribio lile halikuwa Jambiani. Juu ya jina la yule mama wamekaa madalali wawili, naye hakufikii umaarufu wa eBay hata kwa ndoto. Kwake hesabu ni nyingine. Mbofyo wa jina lake mwenyewe kwa kawaida ni rahisi, kwa kuwa hakuna ukurasa unaoendana na jina hilo kuliko wake. Tuseme senti 30 za dola. Anayetafuta jina kamili ameshakaribia kuamua, tuseme mmoja kati ya wanane analala. Dola 2 na senti 40 kwa mgeni mmoja, dhidi ya dola 27 za kamisheni. Hilo ndilo tangazo la pekee nililomshauri anunue.

Ndiyo, inaudhi kulipia jina lako mwenyewe. Sisemi haiudhi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Machi 2010, katika kesi ya Google na Louis Vuitton, kwamba Google haivunji haki ya alama ya biashara kwa kuuza jina kama neno la kutafutia. Kama Louis Vuitton walirudi hivyo, vyumba sita vya Jambiani visitegemee wakili.

Boza na kisima

Tangazo ni maji ya boza. Ukipiga simu asubuhi, jioni tangi limejaa. Ukikosa pesa ya safari inayofuata, bomba linakohoa hewa. Kurasa zinazopanda zenyewe ni kisima: unachimba miezi, unaweza kukuta mwamba, lakini maji yakitoka huulizwi bei ya ndoo.

Watu hupenda kuishia hapo, kana kwamba kisima hakikauki. Hukauka. Google hubadilisha vigezo vyake mara kwa mara, na baada ya badiliko la Septemba 2023 wenye tovuti ndogo wengi, hasa za kuandika, walilalamika kuona wageni wao wakiporomoka bila wao kugusa kitu. Ndiyo maana simshauri mtu achimbe kimoja halafu akafukie tangi.

Kwa muda, mimi hupanga hivi. Mwenye msimu, kama wa Desemba Zanzibar au Julai Serengeti, asianze kuandika kurasa Novemba akitegemea Desemba hiyo hiyo. Imeshampita. Hapo boza ndilo jibu, wiki sita basi. Kurasa aziandike Machi, masika, wageni wakiwa wachache na yeye ana nafasi ya kupiga picha zake mwenyewe. Picha za kuazima za simba ambaye yumo kwenye tovuti mia nyingine hazimsaidii mtu.

Siku neno "safari" lilipotutia hasara

Makosa haya ni yangu, siyafichi. Nilimfungulia kaka mmoja wa Moshi, anayeuza safari za mbugani, akaunti ya matangazo, nikaweka maneno manne na kuacha mpangilio mpana, ule unaoiruhusu Google itafsiri maneno yako itakavyo. Bajeti ya siku kumi ikaisha kwa siku nne. Mibofyo mingi, simu haikupigwa hata moja. Nikafungua orodha ya yale ambayo watu hasa waliyaandika. Nusu ukurasa walikuwa watu wa simu za Apple waliotaka kujua kwa nini Safari yao haifunguki, jinsi ya kufuta historia ya Safari, jinsi ya kupakua Safari. Kaka yule alikuwa amewalipia watu wenye shida ya kivinjari.

"Kwa hiyo nimewapeleka safari ya iPhone," akasema. Alikuwa mwungwana, alicheka. Nilimrudishia sehemu ya pesa.

Tangu siku hiyo, sifungui tangazo bila kuandika kwanza maneno ya kuzuia, yale ambayo yakiwemo kwenye utafutaji tangazo lisitokee: iPhone, download, browser, bure, ajira. Hilo la ajira ni muhimu. Ukitangaza kampuni ya utalii, watafuta kazi watakubofya sana, na maskini hawana kosa. Halafu naweka maneno katika mabano ya mraba ili tangazo lionyeshwe kwa utafutaji huo au wenye maana ile ile. Fundi anayetaka kukusimamia matangazo, mwulize kuhusu orodha ile ya maneno yaliyoandikwa na watu. Akibabaika, mshukuru umpe soda. Na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako wewe, kwa kadi yako, hata kama ni ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Nimeona watu wameachana na fundi akaondoka na akaunti pamoja na historia yote.

Kabla ya kulipa chochote: ramani

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa haina mjadala. Ukiwa na mahali watu wanapofika kwa miguu, hoteli, saluni, duka, gereji, andikisha wasifu wako wa biashara kwenye Google Maps. Ni bure. Weka saa sahihi, picha mpya, na ujibu maoni, hata ya matusi, kwa upole. Yule mama alikuwa nao wasifu, ila alama yake ilikuwa imedondokea baharini, mita kama mia mbili ndani ya maji. Wageni walikuwa wakimpigia kuuliza kama kuna boti.

Wewe unayeandika tu, huuzi kitu

Mwenye tovuti ya mapishi, mashairi, habari za mtaa au mafunzo ya kilimo: usinunue tangazo la utafutaji. Unachopata mtu akibofya matangazo yaliyo kwenye ukurasa wako ni kidogo kuliko utakachomlipia kufika hapo, isipokuwa una kitu cha kuuza mwishoni. Matangazo ya wengine nayo hayakubani sana, kwa kuwa hakuna anayegombea "jinsi ya kupika mseto wa choroko" kwa dola. Anayekubana ni lile jibu la juu lililochota kwako bila kukuletea mtu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwafanya wasomaji wakufuate kwa jina, kwa kundi la WhatsApp, chaneli ya Telegram, barua pepe, ili siku Google ikigeuza uso, wao wajue mlango. Zaidi ya hapo sina dawa ya kukuuzia.

Ningekuwa na laki tatu

Ningekuwa wakala wa safari mwenye faida nzuri kwa kila mteja: laki mbili kwenye maneno membamba yenye jina la mahali na aina ya safari, maneno ya kuzuia yakiwa tayari, na laki moja kwa mpiga picha. Neno pana nisingeligusa.

Ningekuwa na vyumba vichache: ramani kwanza, dalali abaki, na elfu hamsini kwa mwezi kwenye jina langu tu, ikiwa kuna anayelikalia. Zilizobaki zikatengeneze ukurasa wa kuweka nafasi unaofunguka haraka kwenye simu. Hakuna hasara kama kumlipia mgeni mlango halafu mlango usifunguke.

Ningekuwa na duka la mtandaoni la bidhaa ambazo hata wengine mia wanazo, kwa bei ile ile: nisingelipia utafutaji kabisa, ningeuza Instagram na WhatsApp kama watu wanavyouza.

Yule mama alikubali la jina. Tukaliweka, lionekane Ulaya na hapa nyumbani, maana wageni wengine hutafuta wakiwa tayari wako Mji Mkongwe na mabegi. Siku ya tatu akanipigia, sauti imejaa furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeandika jina, nipo juu! Madalali wako chini yangu. Nimebofya mara tano kuhakikisha."

Nikamweleza kwamba tangazo lile akilibofya mwenyewe anaweza kujikuta anajilipisha. Kimya kidogo.

"Haya," akasema. "Ngoja nimwambie na Bi Mdogo hapa aache, maana naye yumo anabofya."